Msomaji wa Kwanza wa Tanbihi

Kulikuwa na nchi. Ilikuwa wapi, msiniulize. Waliozaliwa huko wanaijua, na wasiozaliwa huko hawajapungukiwa na kitu. Ilikuwa na bendera, wimbo na Baba Mlezi, kama nchi zote zilizokamilika, na watu wake walikuwa na adabu moja kubwa: hakuna aliyesema jambo. Mambo yote yalisemwa na wanasema. Wanasema sukari imepanda. Wanasema daraja limeanguka. Ukimkuta mtu kalowa chapachapa ukamwuliza kama kwao kunanyesha, atakujibu, "Wanasema inanyesha," kisha atakamua shati lake na kwenda zake.

Wageni walidhani ni woga. Hapana, yalikuwa malezi tu. Mdomo huponza kichwa, na katika nchi ile vichwa vilivyokwisha kuponzwa vilikuwa vingi, kwa hiyo kila mama alimfundisha mwanawe neno "wanasema" kabla hajamfundisha kuomba maji.

Hayo ni mambo ya kawaida. Mambo ya maarifa yalikuwa na utaratibu wake. Sheria ya Chimbuko la Maarifa ilitamka kwamba maarifa yote yametoka kwa Baba Mlezi, na kwamba kila andiko la kitaalamu lianze kwa kumrejelea. Basi kitabu cha magonjwa ya kupe kilitegemea hotuba yake ya kufungua kiwanda cha viberiti. Tasnifu moja juu ya mnyauko wa migomba ilisimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni hii: "Ndizi hizi tamu" (Baba Mlezi, akishuka garini, Jumanne). Mtahini aliisifu sana kwa kutaja siku.

Katika chuo kikuu cha nchi hiyo alikuwapo mwalimu aitwaye Leokadia Mbaruti, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mitatu, mwenye kalamu nyekundu aliyoivaa shingoni kwa uzi kama wengine wavaavyo msalaba. Alifundisha somo la kutaja vyanzo vya utafiti. Mkuu wa Chuo alilivumilia somo hilo kwa sababu wafadhili walipenda kuliona kwenye ratiba. Wanafunzi walimwita Mama Nani-Kasema, maana hilo ndilo swali aliloliuliza tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

"Wataalamu wanasema mihogo huongeza nguvu," alisoma siku moja kutoka kwenye daftari la mwanafunzi. "Wataalamu gani?"

"Wa mihogo, Mwalimu."

"Majina yao?"

Mwanafunzi alitazama dirishani. "Mwalimu, mimi nina wazazi wananitegemea."

Mwalimu Leokadia hakucheka. Alisimama mbele yao akawapa mhadhara wake wa tatu, ule aliokuwa akiutoa kila mwaka bila kuuchoka.

"Tunataja vyanzo kwa sababu tatu," alisema. "Ya kwanza ni adabu. Ukila kwa mtu unashukuru. Basi ukila maneno yake, shukuru pia. Ya pili ni njia. Mtafiti ni mtu aliyepita porini akaacha alama kwenye miti, ili msomaji aweze kurudi alikopita mtafiti na kuona kwa macho yake kama kweli kuna mto, au katia chumvi. Ya tatu ni haki ya mwenye neno. Asiyetajwa huibiwa. Leo anasema yeye, kesho neno lake liko kinywani mwa mkubwa, na akilidai anaambiwa kachanganyikiwa."

Mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, si wahenga walisema lisemwalo lipo?"

"Lipo wapi?" alisema Mwalimu Leokadia. "Ukurasa wa ngapi?"

Lilikuwapo pia somo lingine, la namna ya kuficha majina ya watu wanaoweza kudhurika kwa kutajwa. Hilo lilikuwa la muhula wa pili. Mwaka huo muhula wa pili ulifutwa kupisha maandalizi ya siku ya kuzaliwa ya Baba Mlezi, ambaye alikuwa anatimiza miaka sitini kwa mara ya tatu.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo Sadoki Mwaluko, kijana mpole anayesahausahau, hasa tarehe. Miaka mitatu Mwalimu Leokadia alimkata alama kwa kosa hilohilo: jina lipo, mahali papo, tarehe hakuna. Sadoki alichagua kuandika tasnifu yake juu ya kisima cha kijiji cha Mlalapori, alikozaliwa mama yake. Kisima hicho kilikuwa maarufu. Kilikuwa katika taarifa tano za wizara, kilikuwa na picha ya mchoro, na kila mwaka kilifanyiwa maadhimisho. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba hakikuwapo.

Rasimu ya kwanza ya Sadoki iliandika hivi: "Wanawake wa kijiji wanasema kisima hakijawahi kuchimbwa, nao huchota mtoni, mwendo wa saa mbili." Mwalimu Leokadia akaishukia kwa kalamu nyekundu. *Wanawake gani? Majina? Umri? Wapi? Lini? Huu ni umbea, si utafiti.*

Sadoki akarudi Mlalapori. Wanawake walimkataa mara mbili. Walimpa uji, wakamwuliza habari za mama yake, wakamwambia wanasema kisima kipo, wanasema hakipo, Mungu ndiye ajuaye. Mara ya tatu aliwaambia, "Mwalimu wangu anafundisha kwamba mtu asipotajwa, neno lake huibwa." Hapo Bi. Nyamizi Kasulwa, aliyekuwa mkubwa wao, akaweka chini pakacha alilokuwa akisuka na kusema, "Huyo mwalimu wako ana akili. Andika langu." Wengine kumi na watatu wakafuata. Kumi na wanne jumla, na kila mmoja Sadoki alimsomea maneno yake mpaka akaridhika.

Tasnifu iliporudi, Mwalimu Leokadia aliisoma akiwa amesimama. Tanbihi zilikuwa kumi na nne, kila moja na jina kamili, umri, nyumba, na tarehe. Hakuna hata tarehe moja iliyosahaulika. Alihisi furaha ya kweli, furaha ambayo mwalimu huipata mara mbili au tatu maishani, na aliandika chini kwa wino mwekundu: *Sasa umekuwa mtafiti.* Kisha tasnifu ikafungwa jalada la buluu ikapelekwa maktaba kwa mchwa, ambao mpaka wakati huo ndio pekee waliokuwa wakifika kwenye marejeo.

Sasa nitawaeleza ilivyopata msomaji.

Waziri wa Maji na Maadhimisho, Mheshimiwa Fokasi Ndimbwa, alikuwa na mwandishi wa hotuba aliyezingatia utaratibu. Na utaratibu ulikuwa huu: hotuba ikihitajika, unaagiza kutoka maktaba ya chuo andiko lolote lenye neno linalohusika kwenye jalada, unang'oa jalada, unaandika juu "Ndugu wananchi," na chini "Asanteni kwa kunisikiliza." Ndivyo zilivyopatikana hotuba zote nzuri za nchi ile, na shahada za uzamivu kadhaa. Maadhimisho ya miaka mitano ya kisima cha Mlalapori yalipokaribia, mwandishi aliagiza kitu chenye neno "kisima."

Siku ilifika. Kichuguu cha Mlalapori kilivishwa kitambaa cha rangi za taifa. Wanakijiji walipangwa, matarumbeta yalipigwa, redio ya taifa ikarusha moja kwa moja. Mheshimiwa Waziri akavaa miwani.

"Ndugu wananchi. Kisima hiki, kinachotajwa katika taarifa zote za wizara, hakipo. Tanbihi ya kwanza."

Alinyamaza kidogo, na kwa kuwa alinyamaza, watu wakapiga makofi.

"Mahali kinapodaiwa kuwapo," aliendelea kwa sauti ya kishujaa, "pana kichuguu na shina la mkwaju. Tanbihi ya pili. Mchoro uliotumika katika taarifa ni wa kisima cha nchi nyingine, na wale ngamia walio nyuma yake hawapatikani wilayani. Tanbihi ya tano." Vigelegele. Hotuba ilichukua dakika hamsini, kisha Mheshimiwa akaendelea na orodha ya marejeo, jina baada ya jina, maana nayo ilikuwa imechapwa. Alipofika kwenye "Kasulwa, Nyamizi, miaka sabini na miwili, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga," Bi. Nyamizi, ambaye alilelewa vizuri, aliitika kutoka nyuma, "Abee."

Baada ya hapo kulikuwa na chai.

Siku tatu zilipita kabla mtu yeyote hajajua kilichosemwa, kwa kuwa katika nchi ile hotuba ilipigiwa makofi, haikusikilizwa. Aliyegundua ni fundi mitambo wa redio, aliyekuwa akirudia kanda ili kupima mlio. Naye, kama mtu aliyelelewa vizuri, aliripoti kwamba wanasema Mheshimiwa Waziri amesema.

Uchunguzi ulikuwa wa haki. Mwandishi wa hotuba alieleza kwamba hakuisoma. Maelezo yakakubaliwa, kwa kuwa ndio utaratibu. Waziri alieleza kwamba yeye aliitamka tu, yakakubaliwa pia. Ikabaki kumtafuta aliyeyasema maneno yale, na hapo kwa mara ya kwanza tangu uhuru dola haikupata shida. Kwa kawaida kumjua msemaji mmoja kulihitaji miezi sita ya kutega masikio kwenye vilabu vya pombe, na mwishowe masikio yalirudi na neno moja, wanasema. Safari hii kulikuwa na majina, umri, na nyumba ya ngapi kutoka mashine ya kusaga. Ikaundwa Idara ya Kufuatilia Vyanzo, ikapewa magari mawili, na asubuhi moja ikamaliza kazi yote. Ripoti yake ilisifu ubora wa tanbihi.

Wanawake kumi na wanne walifikishwa mjini kuhakikiwa. Mkuu wa Idara, Bwana Dastani Kirumbi, alikuwa mtu wa taratibu, mwenye sauti ya kuomba radhi. Aliwatandikia ramani mezani.

"Mama, unaona hapa pameandikwa nini?"

"Mwanangu, mimi sijui kusoma."

"Pameandikwa kisima. Unakiona?"

"Naona kidoa cha buluu."

"Andika," Bwana Kirumbi alimwambia karani, "amekiona kisima, na maji yake ni ya buluu."

Hivyo kumi na watatu wakakanusha na kurudishwa nyumbani, ambako walichukua ndoo zao wakaenda mtoni. Bi. Nyamizi alikitazama kile kidoa. Kisha akasema, "Sawa, baba. Kama kipo, nichotee ndoo moja."

Karani aliacha kuandika. Bwana Kirumbi alishauriana na wakubwa kwa simu, na ikaonekana kwamba ombi la mama ni la msingi na lazima litekelezwe. Ikaamuliwa atunzwe gereza la wanawake mpaka ndoo ya maji ya kisima cha Mlalapori itakapoletwa kama kielelezo. Barua ya kuiomba ndoo ilipelekwa wizarani siku hiyohiyo.

Mwalimu Leokadia aliyasikia haya kwa mhudumu wa maktaba, ambaye alisema wanasema. Kwa mara ya kwanza hakumwuliza nani. Aliondoka akiwa bado na chaki mikononi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Kirumbi. Njia nzima alijisemea neno moja, kwamba ni yeye. Wale wanawake walikuwa na ukuta wao, waliujenga miaka arobaini kwa tofali moja tu la "wanasema," naye akamtuma kijana akaubomoe kwa kalamu nyekundu.

Bwana Kirumbi alimkaribisha kwa heshima na kumwagizia chai.

"Tanbihi si kwa kazi hii," alisema Mwalimu Leokadia. "Nawaomba. Ni kwa ajili ya wasomaji."

"Mwalimu, na sisi tumesoma." Alifungua jalada akatoa karatasi zilizonakiliwa. Zilikuwa nukuu za mhadhara wake wa tatu. Akazisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Ili msomaji aweze kurudi alikopita mtafiti na kuona kwa macho yake. Nasi tumerudi, Mwalimu. Tumeona. Hapa Idarani tumeufanya mhadhara huu kuwa mwongozo. Miaka yote tulikuwa tunafanya kazi gizani."

Mwalimu Leokadia aliyatambua maneno yake, neno kwa neno. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemwelewa kikamilifu.

"Sadoki yuko wapi?" aliuliza.

"Yupo. Ametoa maelezo mazuri." Akamsogezea karatasi.

Yalikuwa maandishi ya Sadoki, yanayoinama kushoto. Walikuwa wamemwuliza nani alimfundisha, naye, baada ya siku tisa, akajibu. Mwalimu Leokadia aliyasoma kama alivyosoma kazi zote, kwa mazoea, akitafuta kosa. *Mbaruti, Leokadia. Mhadhara wa tatu: Kwa nini tunataja vyanzo. Chumba namba sita, Jumatatu, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi. Maelezo ya mdomo.* Jina la ukoo lilikuwa mbele. Tarehe ilikuwapo. Mkono wake ulikuwa umeshaishika kalamu ya shingoni kabla hajajua, na hakukuwa na pa kuiweka.

"Sasa," alisema Bwana Kirumbi kwa upole, "na wewe ulifundishwa na nani? Maana alama ziko kwenye miti, ni kufuata tu. Katika nukuu zako tumekosa ukurasa wa mwisho, wa marejeo. Mwenye mashine ya kunakili anasema huwa hanakili kurasa hizo, hakuna mteja aliyewahi kuziulizia."

Kwenye ukurasa huo wa mwisho lilikuwapo jina moja. Mzee Gervasi Tindwa, mwalimu wake, miaka themanini na mmoja, aliyestaafu na kufuga sungura kwenye ua nyuma ya kanisa la kwao. Ndiye aliyemwambia habari ya miti ya porini, yeye akiwa mwanafunzi wa miaka ishirini, na kila mwaka tangu hapo Mwalimu Leokadia alimtaja, hata mbele ya darasa linalosinzia. Hakuwahi kutumia neno la mtu bila kumtaja. Aliwahi kumfelisha mtoto wa waziri kwa kosa hilo, na akahamishiwa ofisi isiyo na dirisha.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna chanzo?"

"Nilibuni mwenyewe."

"Yote? Hata ile ya alama kwenye miti?"

Mwalimu Leokadia alisikia uso wake ukiwaka kwa aibu, aibu hasa, kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku wa jirani. "Hata hiyo," alisema. "Yote ni yangu."

Bwana Kirumbi alimtazama kwa mshangao wa heshima. "Una kipaji, Mwalimu," alisema, na akaandika.

Kesi haikuwa ndefu. Nchi ile haikuwa na sheria ya kuzuia mtu kuiba maneno ya mwingine, kwa kuwa ingeziacha wizara bila watu. Lakini ilikuwa na Sheria ya Chimbuko la Maarifa, na kwa kuwa maarifa yote yametoka kwa Baba Mlezi, mtu anayekiri kubuni jambo kichwani mwake mwenyewe amefanya kosa la waziwazi. Alipewa miaka minne. Somo lake likapewa mwalimu mwingine, anayefundisha kwamba wataalamu wanasema.

Tasnifu haikupotea. Ilisahihishwa kidogo na kuitwa *Kisima cha Mlalapori: Utamu wa Maji Yake*, ikiwa na tanbihi zilezile kumi na nne na majina yaleyale, na ikamletea Mheshimiwa Ndimbwa shahada ya uzamivu. Ukurasa wa shukrani unamshukuru Sadoki Mwaluko kwa kuchapa. Yeye aliachiwa, akarudi kwao. Ni mzima, anakula, anafanya vibarua. Ila ukimwuliza jambo lolote huanza na neno lile. Mwuguzi wa zahanati alipomwuliza jina ili amwandikie kadi, alifikiri kidogo, akasema, "Wanasema Sadoki."

Gereza la wanawake lilikuwa na chumba kirefu na mikeka. Mwalimu Leokadia alipoingia alimkuta mwanamke mzee anasuka ukili karibu na mlango, na mbele yake ndoo tupu. Akamjua kabla hajatajiwa. Alipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani kakutaja?"

"Mwanafunzi wangu."

"Alikutaja vizuri?"

"Vizuri sana. Hakukosea kitu." "Bibi, mimi ndiye yule mwalimu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike majina. Naomba unisamehe."

Bi. Nyamizi aliendelea kusuka.

"Aliyenitaja mimi alinisomea maneno yangu mara mbili," alisema bibi hatimaye. "Nikamwambia, hapo sikusema hivyo, akafuta. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kufuta." Akavuta ukili. "Kukusamehe sijui, mwanangu. Mwana wangu wa kike ndiye anayechota maji sasa, na mgongo wake mbovu. Ngoja kwanza ndoo ije."

Mwalimu Leokadia akakaa mkekani kando yake, na wakaingoja.

Barua ya kuiomba imejibiwa mara tatu. Wizara inasema kisima kipo, maji yapo, ndoo ndiyo inayotafutwa. Bi. Nyamizi amefikisha sabini na mitano, na ule ukili umekuwa mrefu kuzunguka chumba.

Hadithi yangu imeishia hapo, na najua mnachotaka kuniuliza. Mnataka kujua haya nimeyapata kwa nani, jina lake, umri wake, na nyumba ya ngapi kutoka mashine ya kusaga.

Wanasema tu, ndugu zangu. Wanasema.